Jumuiya ya wageni mjini Zanzibar: mwongozo kamili wa kuianzisha na kuiendesha

Simu ya marehemu iliita mara moja tu. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni tuliokabidhiwa pale chumba cha maiti, pamoja na viatu vilivyoganda saruji na ufunguo mmoja. Kabla hatujaitoa, ikazima chaji. Tulipoichaji ikawaka, ikadai namba ya siri ya laini, na bila ya namba hiyo haiwezi kupokea simu ya mtu yeyote. Huko alikokuwa aliyepiga, naamini aliendelea kupiga.

Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa matofali, kakaa mtaani kwetu miaka minne. Sote tukimwita "Mrundi". Jina lake kamili, kijiji chao na dini ya wazazi wake tulivijua siku ya tatu, baada ya kupatikana fundi mwenzake aliyekuwa kazini Paje. Kwa mji ambao maiti wa asubuhi huzikwa alasiri, siku tatu ni aibu.

Jumuiya yetu ilizaliwa katika aibu hiyo. Mimi ni katibu wake. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha jumuiya kama hii katika shehia yake (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), akiwa ni mgeni mwenyewe, jirani, mwalimu wa madrasa au mzee wa kanisa. Mpangilio wa hatua unaweza kuugeuza kidogo, ila ya kwanza na ya tatu usiziruke.

Jamaa zangu wa Micheweni, Pemba, huniuliza: wewe na Warundi wapi na wapi? Jibu langu ni Shimoni. Baada ya mauaji ya kisiasa ya hapa Zanzibar, tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu wapatao 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya, na baadaye wakapelekwa kambi za Dadaab. Wavuvi waliozaliwa na chumvi mwilini wakajikuta jangwani, wanapanga foleni ya maji. Aliyewahi kuitwa mkimbizi, au aliyelelewa na aliyewahi kuitwa hivyo, haulizi wapi na wapi.

Hatua ya 1: Mjue unayetaka kumsaidia

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Mji umepanuka hadi Fuoni, Tomondo na Chukwani, na katika mitaa hiyo mipya jirani hamjui jirani. Humo ndimo wanamopanga wageni wengi: chumba kimoja cha uani, vijana watatu, choo cha pamoja.

Neno "mgeni" limebeba watu wasiofanana hata kidogo, na ukiwachanganya utawapeleka mlango usio wao.

Kwanza kuna mtu wa Bara. Msukuma anayeuza viazi Mwanakwerekwe ni raia wa Tanzania kama mimi. Hana haja ya kibali cha ukaazi. Shida zake ni kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari, barua ya sheha, na maneno ya kejeli ya barazani. Mkaribisheni kwenye jumuiya, kwani naye hufa ugenini, lakini msimwandike kwenye daftari la wasio raia. Nimeona jambo hilo likileta ugomvi, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Kisha kuna raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, na Kongo iliyojiunga mwaka 2022, kisha Somalia. Wengi wao wanajua kwamba wanaingia bila ya viza na kupewa muda wa hadi miezi sita, wakadhani hiyo ndiyo ruhusa ya kufanya kazi. Siyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi kabla ya jembe aonyeshe kibali.

Wa tatu ni Waafrika wa nchi nyengine, kama Malawi, Msumbiji, Ethiopia na Ngazija. Wangazija nao si wageni wa jana hapa kwetu. Tangu enzi za ukoloni walikuwa na jumuiya yao na skuli yao mjini, na kuna familia ambazo huwezi kusema wapi Ungazija unakwisha na wapi Uunguja unaanza.

Wa nne ni mkimbizi, yaani aliyekimbia vita au mateso. Huyu nitamrudia mbele, kwa sababu mambo yake hayataki kubahatisha.

Sasa jambo linalowachanganya hata maofisa wa rasilimali watu hotelini. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Kazi na ajira si ya Muungano. Kwa hiyo milango ni miwili. Kibali cha ukaazi (daraja A kwa mwekezaji na mfanyabiashara binafsi, B kwa mwajiriwa, C kwa wengineo kama wanafunzi na wa kujitolea) hutolewa na Uhamiaji. Kibali cha kazi hapa Zanzibar hutolewa na Kamisheni ya Kazi ya Serikali ya Mapinduzi. Mkenya aliyefanya kazi Arusha na kupata kibali cha kazi huko asijidanganye kwamba kimevuka naye bahari.

Hatua ya 2: Kwa sheha kabla ya kwa mtu mwengine

Nendeni kwa sheha kabla ya kikao cha kwanza. Wageni wengi wanamwogopa wakiamini kazi yake ni kuwasema polisi. Ni kweli kwamba sheha anatakiwa kujua nani kahamia kwenye shehia yake, na ndiyo maana hasa ya kumtangulia. Kundi la wageni thelathini wakikutana nyumbani kwa mtu usiku bila ya yeye kujua, kesho yake yatasemwa mengine.

Nendeni watu watatu, si kumi. Mmoja awe mwenyeji anayeheshimika mtaani, mmoja mgeni aliyekamilika karatasi zake, na mmoja mwanamke. Semeni jambo moja: tunataka kuzikana na kuuguzana. Hakuna sheha atakayekataa watu wake wazikane. Ya semina na ya wafadhili yaacheni kabisa siku hiyo. Mkitoka, mmoja aandike tarehe na lililosemwa. Ndilo faili lenu la kwanza.

Mkiweza, mpateni pia imamu wa msikiti wa karibu na padri au mchungaji wa kanisa wanaposali wenzenu Wakristo. Siku ya msiba hao ndio watakaopokea simu.

Hatua ya 3: Anzeni na kuzikana

Nimeona vikundi vikianza kwa kutafuta mradi: cherehani, kompyuta, ufugaji wa kuku. Vingi vilikufa hata kuku hawajataga. Kinachowafunga watu pamoja ugenini ni hofu ya kufa peke yao, ingawa hakuna anayeitamka. Chama cha kufa na kuzikana hakihitaji andiko la mradi. Kinataka daftari, mchango mdogo usiokatika, na karatasi moja ambayo sisi tunaiita karatasi ya dharura.

Karatasi hiyo ni nusu ukurasa. Kila mwanachama anaijaza mwenyewe, au anasomewa na kuandikiwa na mtu anayemwamini. Yetu ina haya:

- Jina kamili kama lilivyo kwenye pasi au kitambulisho, na jina la mtaani. Msidharau la pili. Hospitali watalitaja hilo.
- Nchi, mkoa au wilaya, na kijiji. "Kongo" haitoshi, Kongo ni kubwa.
- Namba mbili za simu za nyumbani, za watu wawili tofauti, zikiwa na namba ya nchi mbele (257 kwa Burundi, 243 kwa Kongo, 254 kwa Kenya), na lugha anayozungumza atakayepokea. Mama wa kijijini Burundi huenda hana Kiswahili hata cha salamu.
- Dini, na vipi anataka azikwe.
- Azikwe hapa au arudishwe, na nani wa kuamua akishindwa kusema.
- Maradhi aliyonayo, dawa anazotumia, na dawa zinazomdhuru.
- Pasi yake iko wapi. Hatuitaki sisi, tunataka kujua ilipo.

Swali la kuzikwa hapa au kurudishwa liulizeni mapema, mtu akiwa mzima na anacheka. Sisi tulikubaliana kikaoni kwamba mfuko unazika hapahapa, na kumrudisha maiti kwao ni mchango maalumu, nje ya mfuko. Ilichukua vikao viwili na baadhi walitoka wakinuna, lakini bila ya uamuzi huo msiba wa kwanza ungekomba mfuko, na wa pili ungekuta daftari tupu.

Hesabu zetu za mwanzo zilikuwa hivi. Watu 23, kiingilio shilingi 5,000, mchango wa mwezi shilingi 2,000. Kiingilio kikaleta 115,000, na mwaka mzima wa michango, kama wote wangelipa, ungeleta 552,000. Jumla 667,000. Wote hawakulipa, bila shaka. Wa hotelini hulipa vizuri msimu wa watalii, kisha masika yakiingia na hoteli zikipunguza watu, wanapotea. Kwa hiyo tukaruhusu kulipa miezi minne kwa mpigo wakati mambo ni mazuri, na tukaondoa faini ya kuchelewa. Faini haimlipishi asiye nacho. Inamfanya aone haya kurudi tu.

Mfuko huo hautoshi kumpeleka mtu Bujumbura. Unatosha sanda au sanduku, gari, na maji na chakula cha waliochimba kaburi. Mengine yanatoka mtaani. Watu wa hapa hawana ubahili wa ubani wakishaambiwa kuna msiba na nani wa kumkabidhi. Tatizo la wageni lilikuwa hilo la pili: hapakuwa na mtu wa kupewa mkono wa pole. Sasa tunaandika majina ya "wafiwa" watatu mapema, wenzake wa chumba kimoja au nchi moja, watakaokaa barazani siku ya kuhani.

Neno kuhusu daftari lenyewe. Daftari la majina ya wasio raia, wengine wakiwa muda wao umekwisha, ni kitu cha kuogopwa likitembea ovyo. Lisiwe na safu ya kuandika nani ana kibali na nani hana. Lisipigwe picha likatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Karatasi za dharura zikae kwenye bahasha zilizofungwa kwa gundi, kila mtu na yake, katika sanduku lenye kufuli, na asiyekuwa mwenyewe asiifungue bahasha ila kwa dharura. Na msishike pasi ya mtu hata akiwaomba mumuwekee.

Hatua ya 4: Katiba na usajili

Mkishakaa pamoja miezi michache na mkaona watu wanarudi, sajilini. Mkianza kuchangisha nje ya wanachama au kupokea fedha za mfadhili bila ya usajili, mnajitafutia balaa. Jumuiya husajiliwa na Mrajis wa Jumuiya Zisizo za Kiserikali wa Zanzibar. Msichukue fomu za Dar es Salaam alizowapa rafiki. Usajili wa Bara ni mwengine.

Nendeni kwa Mrajis mkiuliza kabla ya kuandika. Swali la mwanzo liwe hili: asiye raia ana nafasi gani katika uanachama, katika uongozi na katika kutia saini benki? Jibu lake ndilo litakaloamua muundo wenu. Sisi tulichanganya tangu mwanzo, wenyeji na wageni, na sijajuta. Jumuiya ya wageni watupu ni rahisi kutengwa. Na ikiwa ya wenyeji watupu wanaowahurumia wageni, inachosha kuitazama.

Katiba yenu msiinakili kutoka kwa jumuiya ya wafugaji wa nyuki. Nimesoma moja iliyosahau kubadilisha neno "mizinga". Iwe fupi, kwa Kiswahili ambacho wanachama wanakielewa, na ijibu maswali yatakayowagombanisha:

- Akidi ni watu wangapi? Mkiandika theluthi mbili, kikao cha Agosti hakitafanyika, maana nusu wako kazini kwenye hoteli za Nungwi na Paje.
- Nchi moja isitoe mwenyekiti na mshika fedha kwa pamoja. Warundi wakiwa wengi, Wakongo watahama, na kinyume chake.
- Mtu akirudi kwao, je, hurudishiwa kitu? Sisi: hapana, ila jina lake hubaki mwaka mmoja.
- Mke, mume na watoto wanahesabika? Mpaka umri gani?
- Siasa na dini vinakaa wapi? Nje ya kikao. Andikeni waziwazi.

Mkisajiliwa, kumbukeni ripoti za kila mwaka kwa Mrajis. Na mjitambulishe kwa ANGOZA, mwavuli wa jumuiya za kiraia hapa Zanzibar. Mafunzo ya kuweka hesabu mara nyingi hupitia huko.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa sina mengi. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Zikizidi laki tatu, fungueni akaunti yenye saini tatu. Benki ya Watu wa Zanzibar iko karibu na kila mtu. Pesa za simu zisipitie laini binafsi ya mshika fedha hata kwa siku moja. Si kwamba namtuhumu. Siku mtoto wake akiugua usiku atazitumia, nami ningezitumia. Hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao, pamoja na majina ya waliotoa. Majina ya wasiotoa yasisomwe.

Hatua ya 6: Baraza ya kila wiki

Baada ya msiba, huduma itakayowaletea watu wengi ni kusikiliza na kumwelekeza mtu mlango sahihi. Tunakaa kila Jumamosi baada ya alasiri, watu wawili, baraza ya nyumba ya mwanachama, birika la chai ya tangawizi. Nyumba isiwe ya ghorofa na isitazame kituo cha polisi. Mambo madogo haya ndiyo yanayoamua kama mtu ataingia au atapita kama anaelekea dukani.

Asikilizwe kwanza, aandikwe baadaye. Mengi tunayoyapata yanaelekea milango hii:

Mgonjwa au mjamzito anapelekwa kituo cha afya cha shehia kwanza, kisha Lumumba au Mnazi Mmoja kwa rufaa. Tunampa mtu wa kwenda naye. Mwenyeji akiwa pembeni, mgeni hazungushwi sana. Nasema kwa masikitiko, lakini ndivyo.

Mtoto aliyezaliwa hapa anaandikishwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Wazazi wengine huogopa kwenda kwa sababu karatasi zao zina kasoro, mtoto akafika umri wa skuli hana cheti. Waelezeni kwamba cheti cha kuzaliwa kinathibitisha kuzaliwa. Si cheti cha uraia, kwa hiyo wasikiogope na wasikiuze kama uraia.

Mwanamke au mtoto aliyedhalilishwa anapelekwa moja kwa moja Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako matibabu, polisi na ushauri viko pamoja. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kupimwa. Kwa mtoto kuna namba 116, ni bure. Mambo haya hayamalizwi kwenye baraza ya jumuiya, hata wazee wa pande zote mbili wakiomba yamalizwe kifamilia.

Kesi, mikataba na kukamatwa: Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, na ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, kwa mashauri ya wanawake na watoto. Katika shehia nyingi wapo pia wasaidizi wa sheria. Mtafuteni wenu mumjue kwa jina kabla hamjamhitaji.

Mshahara uliozuiliwa unakwenda Kamisheni ya Kazi, kwenye kitengo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Hapa kuna mtego. Asiye na kibali cha kazi anaogopa kulalamika, na mwajiri anajua. Msimsukume mtu aende peke yake. Apitie kwa mwanasheria kwanza, apime hatari zake. Tuliwahi kuwa na wapishi wawili waliodai miezi mitatu. Tulianza na barua ya kiungwana iliyotiwa saini na mwenyekiti wetu, nakala kwa sheha. Walilipwa miezi miwili ndani ya wiki. Mwezi wa tatu bado wanaudai.

Na pasi iliyozuiliwa na mwajiri? Hilo si "utaratibu wa kampuni", hata akiliandika kwenye mkataba. Likifuatana na deni la nauli lisilokwisha, kufungiwa ndani, au msichana wa kazi za nyumbani asiyeruhusiwa simu, hizo ni dalili za usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria ya kuuzuia ipo tangu 2008. Hapo ni polisi na mwanasheria. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, nalo limekuwa likisaidia watu wa namna hiyo hapa Zanzibar.

Hatua ya 7: Lugha

Wenyeji hudhani kwa kuwa Mkongo anasema Kiswahili, mambo yamekwisha. Nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu na mtoto kliniki. Muuguzi, mwungwana kabisa, akamuuliza kwa kasi yetu ya mjini: "Anaharisha? Anatapika? Kapata chanjo?" Mama akaitikia ndiyo kwa yote matatu. Nje, kwenye benchi, nikagundua kwamba mtoto hakuwa akiharisha wala kutapika. Alikuwa na kikohozi. Yeye anasema "nakuya" kwa nakuja na "bintu" kwa vitu, kila akifungua mdomo watu hucheka, na amejifunza kwamba "ndiyo" ndiyo jibu lisilochekwa.

Kwa hiyo tukaweka wakalimani wetu: Mkongo aliyekaa hapa miaka kumi, Mrundi anayejua Kifaransa, dada wa Kimalawi. Tumewafundisha jambo moja tu, waulize swali lisilojibika kwa ndiyo. "Amekula nini leo? Ametoka choo mara ngapi?" Saa mbili kwa wiki za Kiswahili cha hapa kwa waliotoka mbali zinafaa pia. Mwalimu wetu huwafundisha vilevile namna ya kupiga hodi, kwamba salamu haikatishwi, na kwamba Ramadhani mchana huli barabarani hata kama hufungi. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Walikuwa wakigombezwa tu.

Hatua ya 8: Akija mtu aliyekimbia

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na ina Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Kwa sheria hiyo anayeomba hifadhi anatakiwa ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, na wakimbizi hutakiwa kukaa katika maeneo yaliyotengwa; ndiyo maana kuna kambi kama Nyarugusu huko Kigoma, na aliye nje ya kambi anahitaji ruhusa. Zanzibar haina kambi. Mwenye kusimamia ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Maana yake kwa sisi wa barazani: mtu akikwambia "nimekimbia", siku hiyohiyo apelekwe kwa mwanasheria wa msaada. Usimwambie ajifiche, na usimwambie asubiri. Usimwandalie hadithi ya kusema, kwa kuwa hadithi ya kuazima huanguka kwenye swali la pili na ya kweli huanguka nayo. Usimuahidi kupelekwa Marekani wala Kanada. Kuna matapeli wanaouza nafasi hizo kwa dola, na nafasi ya mkimbizi kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi. Mpe chakula, mahali pa kulala usiku huo kwa kumjulisha sheha, na mtu wa kwenda naye asubuhi.

Hatua ya 9: Kudai karatasi kwa pamoja

Kuna mambo mtu mmoja hawezi kuyamaliza dirishani. Ng'ambo ya maji kuna mifano miwili ya kujifunza. Wamakonde wa Kenya, waliokaa Kwale vizazi kadhaa bila ya uraia, mwaka 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi wakidai watambuliwe, na mwaka huohuo wakakubaliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya nao walivua na kuoa huko miaka mingi bila ya kitambulisho, watoto wao wakikwama kwenye mitihani na mashua zao zikikamatwa, hadi serikali ya Kenya ilipowatambua mwaka 2023.

Sisemi mtembee kutoka Fuoni hadi Vuga, penye ofisi za serikali. Ninachosema ni kwamba kilichotangulia mafanikio hayo ni kazi ya uchovu: orodha ya nani kazaliwa wapi, nani mzee wake kaingia mwaka gani, shahidi gani yu hai. Kama mna wanachama waliozaliwa hapa na wazazi wasio raia, anzeni leo kuandika hayo, mkimshirikisha mwanasheria, kabla wazee hawajaondoka nayo. Ombi la uraia lina mlango wake Uhamiaji na lina masharti yake. Jumuiya haipunguzi masharti, inazuia mtu asiyafuate kwa kukisia.

Kikao cha mwisho wa mwaka

Vikao vyetu vyengine ni vifupi. Hiki cha Disemba ni kirefu, na mwenye haraka huambiwa asije. Hesabu husomwa, viongozi huulizwa maswali, watu hula pilau. Halafu tunafanya jambo ambalo wanaohudhuria mara ya kwanza hulishangaa. Kila mtu anafungua bahasha yake mwenyewe, na mbele ya wote zinapigwa namba mbili za nyumbani alizoandika. Mama anapokea kule kijijini, anasikia kelele za watu na sauti ya mwanawe ikicheka: hapana, hakuna jambo, tunajaribu tu. Namba isiyopatikana inafutwa na kutafutwa nyengine palepale.

Mwaka jana namba 11 hazikupatikana. Magharibi ikaingia, tukasali, waliosali, tukarudi kwenye mkeka. Ya mwisho ilikuwa ya dada mmoja wa Malawi, namba ya kaka yake aliyehama. Tulimpata kupitia mwalimu wa skuli aliyosoma, saa tatu ya usiku.